Nyumba ya kwanza Mombasa: nafuu ya serikali hufuata hati, haikufuati wewe

Swali: "Asalaam aleikum. Nina miaka 33, ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara kabla ya makato ni shilingi 80,000. Napanga Kisauni na mke wangu na watoto wawili. Kwenye sako nina 430,000. Dalali mmoja amenionyesha fleti ya vyumba viwili Bamburi kwa 3,400,000. Anasema kwa kuwa ni nyumba yangu ya kwanza, serikali itanisamehe ushuru wa stempu na kunipunguzia kodi ya mshahara. Dalali mwengine ana nyumba Kisauni kwa 1,300,000, ila ni nyumba bila ardhi. Na nyumbani wananiuliza: mbona unakatwa pesa za nyumba kila mwezi, si ungoje serikali ikupe? Nifuate njia gani?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Dalali wa Bamburi amekwambia jambo moja la kweli na jingine ambalo huenda si kweli kwa fleti hiyo. Wa Kisauni anakuuzia kitu ambacho hakitakupa nafuu hata moja. Na nyumbani wanachanganya ushuru na akiba. Nianze na hao wa nyumbani, kwa sababu kosa lao ndilo linalowaweka watu wengi miaka na miaka wakingojea.

Ile asilimia 1.5 unayokatwa ni ushuru uliowekwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Kwa mshahara wa 80,000 unakatwa 1,200 kila mwezi, na mwajiri anaongeza 1,200 nyingine kutoka mfukoni mwake. Pesa hizo zinaingia kwenye mfuko wa kujenga nyumba nchi nzima. Haziwekwi kwa jina lako, hazihesabiwi kuwa malipo yako ya awali, na kuzilipa miaka kumi hakukupi nyumba. Faida unayoipata moja kwa moja ni ndogo: tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa, kwa hivyo katika hiyo 1,200 unaokoa kodi ya 360 hivi.

Akiba ni kitu kingine kabisa. Unajisajili kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, ukitumia kitambulisho na namba yako ya KRA, mamlaka ya kodi, unajaza mapato, familia na kaunti unayotaka, kisha unaweka pesa kwa hiari, kidogo kidogo, kwa simu. Hiyo ni pesa yako. Sheria ya 2024 iliweka malipo ya awali ya asilimia 10 ya bei ya nyumba, na wanaogawiwa ni wale waliokamilisha maelezo na kuweka akiba. Anayejisajili akaishia kwenye jina na namba ya simu hubaki jina tu kwenye orodha. Kwa mapato yako unaingia daraja la kati: sheria inaweka nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa wa 20,000 hadi 149,000, na daraja jingine kwa wa juu ya hapo. Andika mapato yako halisi. Wengine hupunguza ili waangukie nyumba za kijamii, halafu slipu ya mshahara inawaumbua wakati wa kuhakikiwa.

Njia hii ina masharti mawili ambayo lazima uyakubali mapema. Huenda usiweze kuchagua ghorofa wala mlango, na huenda mradi ukapatikana upande wa mji ambao hukuutaka. Tena huwezi kuiuza nyumba hiyo utakavyo: idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu inahitajika, na mnunuzi naye awe anastahili. Kwa mtu anayetaka mahali pa kulea watoto hilo si zigo. Kwa anayetaka kununua leo auze mwakani, hii si njia yake.

Sasa ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4 ya thamani, na mashambani asilimia 2. Bamburi ni mjini, kwa hivyo fleti ya 3,400,000 inadaiwa 136,000. Msamaha upo kweli kwenye Sheria ya Ushuru wa Stempu, lakini usome maneno yake yote: ni kwa mtu anayemiliki nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Masharti ni mawili, na lazima yatimie yote. Dalali amekutajia la kwanza akanyamaza la pili. Fleti iliyojengwa na mwekezaji wake na kuuzwa sokoni kwa kawaida, hata iwe ya bei ya chini, haina msamaha huo. Muulize swali moja tu: iko wapi barua ya serikali inayoutambua mradi huu kuwa wa mpango wa nyumba za bei nafuu? Akikuonyesha, mpe wakili wako aithibitishe kabla hujalipa chochote. Akikwambia "itakuja", hesabu 136,000 kuwa ni zako kulipa. Hapa Mombasa jina la "nyumba nafuu" limebandikwa kwenye mengi. Buxton, kwa mfano, ulikuwa mtaa wa zamani wa kaunti uliojengwa upya kwa ubia na mwekezaji binafsi. Kila mradi una namna yake ya kuuza, kwa hivyo swali la barua liulize kila mahali.

Jambo jingine linalowaduwaza wanunuzi ni kwamba ushuru huo haupigwi kwa bei mliyokubaliana bali kwa thamani anayoiweka mthamini wa serikali, ikiwa ni kubwa zaidi. Mkiandika mkataba wa 3,400,000 naye akasema nyumba ni ya 3,800,000, utalipa 152,000. Ndiyo maana ule ushauri wa "tuandike bei ndogo kwenye mkataba" hausaidii kitu. Tena unakuumiza siku utakayouza, maana kodi ya faida, ambayo ni asilimia 15 na hulipwa na muuzaji, itahesabiwa kutoka kwenye ile bei ndogo uliyoiandika. Na kwa kuwa kodi hiyo ni ya muuzaji, mkataba ukijaribu kukutwika wewe, ikatae.

Kwenye kodi ya mshahara dalali amesema kweli, na kwa mtu wa kipato chako hii ndiyo nafuu nzito kuliko zote. Riba unayolipa kwa mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe hutolewa kwenye mapato yako kabla ya kupigwa kodi, hadi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Zamani kikomo kilikuwa 300,000. Kilipandishwa Desemba 2024, kwa hivyo karatasi nyingi unazookota mtandaoni bado zina hesabu ya zamani. Haina sharti la kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza, lakini ni ya nyumba moja tu, na uwe unakaa humo. Ukiipangisha, nafuu inakoma.

Tuone inakufaa vipi. Chukulia mkopo wa 3,000,000 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9.5. Rejesho la mwezi ni karibu 28,000, na katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni 23,750. Sehemu ya juu ya mshahara wako inakatwa kodi ya asilimia 30, kwa hivyo nafuu yako mwezi huo ni kama 7,100. Rejesho la 28,000 linakugharimu 21,000 hivi. Nafuu itapungua mwaka baada ya mwaka kadiri riba inavyoshuka na msingi wa deni unavyolipwa, kwa hivyo usiipangie matumizi ya kudumu.

Haiji yenyewe. Mpelekee mhasibu wa kazini barua ya benki inayoonyesha kiasi cha mkopo, anwani ya nyumba na riba ya kila mwezi, ili aipunguze kwenye kodi yako ya PAYE. Mwisho wa mwaka idai benki cheti cha riba uliyolipa, kisha ujaze kwenye ritani yako ya iTax kabla ya tarehe 30 Juni. Nafuu hupotea kwa sababu ndogondogo: mkopo umeandikwa jina la mke na anayedai ni mume, au pesa zilichukuliwa kama mkopo wa kawaida wa sako wa kununua "vitu" na hakuna rehani popote. Kabla hujasaini, hakikisha mkopeshaji wako ni miongoni mwa taasisi ambazo KRA inakubali riba yake kwa nafuu hii.

Nimetumia asilimia 9.5 kwa makusudi. Kuna kampuni ya kufadhili rehani, KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Haikukopeshi wewe, inazikopesha benki na sako kwa bei ya chini, nazo zinakukopesha kwa riba ya chini ya asilimia 10 isiyobadilika. Ina ukomo wa mkopo na wa mapato, na ukomo huo umepandishwa mara kadhaa tangu ulipoanza na milioni 4 kwa Nairobi na majirani zake na milioni 3 kwa kwingineko, sisi tukiwemo. Ukiingia benki usiseme "nataka mkopo wa nyumba". Sema "nataka rehani inayofadhiliwa na KMRC", vinginevyo utapewa ile ya kawaida. Tofauti si ndogo: hiyo 3,000,000 kwa asilimia 14 inarejeshwa kwa zaidi ya 37,000 kwa mwezi, kama 9,000 zaidi.

Kwako wewe tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata mkopo au hutapata. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili za 80,000 ni 53,300. Kabla ya kuhesabu nafuu ya riba, PAYE, NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba vinakula takriban 22,000. Imebaki nafasi ya 31,000 hivi. Rejesho la 28,000 linaingia, la 37,000 haliingii. Na ukiwa na mkopo wa sako unaokatwa 6,000 kwa mwezi, hata la 28,000 halitaingia. Umalize kwanza, kisha uombe. Wakati huohuo chukua ripoti yako ya CRB, yaani rekodi ya mikopo yako, maana mkopo mdogo wa simu uliousahau unaweza kuzuia rehani ya milioni tatu.

Hukuuliza juu ya riba kwa upande wa dini, lakini kwa wengi wetu pwani ndilo swali la kwanza. Benki za Kiislamu zilizoko Mombasa hutumia zaidi musharaka ya kupungua: wewe na benki mnanunua pamoja, unalipia matumizi ya fungu la benki huku ukilinunua kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yako yote. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini. Je, hati itaandikwa jina lako tangu mwanzo, au la benki kisha ihamishwe? Ikihamishwa mara mbili, ushuru wa stempu unaweza kudaiwa mara mbili. Na je, benki itakupa kila mwaka cheti kinachotenganisha faida yake na bei ya fungu unalolinunua? Bila cheti hicho mhasibu wa kazini hana cha kutolea nafuu ya kodi.

Ukiwa na skimu ya pensheni ya kazini au ya binafsi iliyosajiliwa, kuna mlango mwengine. Kanuni za 2020 zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yako, bila kuzidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Kabla ya hapo uliruhusiwa tu kuyaweka mafao kama dhamana, hadi asilimia 60, na njia hiyo bado ipo. Pesa haipiti mkononi mwako. Kwa mtu wa miaka 33 ningeitumia kwa uchache: kuziba pengo la malipo ya awali, sawa, kumaliza pensheni yote inayoruhusiwa kwa ajili ya chumba cha ziada, hapana.

Sasa nyumba bila ardhi, na hapa nakusihi usome polepole. Utaratibu huu ni wetu wa mwambao, na watu wazima wengi wameishi hivyo kwa heshima maisha yao yote: kuta na bati ni zako, ardhi ni ya mwengine, na unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Unachonunua kwa 1,300,000 ni kuta, pamoja na ruhusa ya mwenye ardhi kuziacha zisimame. Karatasi utakayopewa ni makubaliano yaliyoshuhudiwa na mzee wa mtaa, pengine na chifu. Si hati. Hakuna rehani inayoweza kusajiliwa juu yake, kwa hivyo hakuna benki itakayokukopesha. Bila mkopo wa nyumba hakuna nafuu ya riba. Bila hati skimu ya pensheni haitatoa kitu. Na msamaha wa stempu hauna pa kushika. Akifa mwenye ardhi, warithi wake hawalazimiki kuheshimu maelewano ya mdomo. Wakiiuza ardhi, mnunuzi anaweza kuja na amri ya mahakama. Ikiwa ardhi ni ya wakfu, haiuziki kabisa, hata mkiafikiana vipi. Njia pekee ambayo ningeifikiria ni mwenye ardhi akubali kukuuzia na kipande chenyewe, kipimwe na mpima ardhi mwenye leseni, kitolewe hati yake, na nyumba na ardhi vihamishwe siku moja. Ikiwa hilo haliwezekani, iache, hata bei ikishuka hadi 900,000.

Na hati nayo isomwe ndani. Kwa mfano, sehemu za Likoni zilizokuwa shamba la Waitiki zilianza kupewa hati mwaka 2016, nazo zilikuja na malipo ambayo mwenye nyumba alitakiwa kuyakamilisha. Hati ya namna hiyo ni halali, lakini uhakikishe deni limefutwa kwenye rejista kabla hujatoa shilingi.

Turudi Bamburi. Anza kwa kufanya sachi, yaani kukagua rejista, kwenye ofisi ya ardhi ya Mombasa kwa namba ya hati yenyewe, namba ya CR au ile inayoanza na MN, yaani Mainland North. Nakala ya hati aliyokutumia dalali kwa WhatsApp haitoshi. Unatafuta jina la mwenyewe, rehani, zuio la mtu mwengine, na kama ni ardhi ya milele au ya kukodi. Ikiwa ya kukodi, miaka mingapi imebaki. Benki hutaka kipindi kilichobaki kipite mwisho wa mkopo kwa miaka mingi. Fleti iwe na hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020. Kama jengo zima bado lina hati moja ya mama, na mwenye jengo ameiweka rehani benki ili ajenge, utalipa fleti yote na bado benki yake itakuwa na haki juu ya mlango wako. Dawa ni barua ya benki hiyo, kabla ya malipo, ikikubali kuiachilia fleti yako pindi bei itakapolipwa.

Taka pia cheti cha kaunti kwamba jengo limekaguliwa na linafaa kukaliwa, na risiti za kodi ya ardhi ya kaunti zisizo na malimbikizo. Kama jengo bado ni mchoro, pesa zikae kwenye akaunti ya wakili na zitolewe kwa hatua za ujenzi. Na ukienda kuiangalia, fungua bomba uonje maji. Majengo mengi ya Bamburi hutegemea kisima cha maji ya chumvi na mabowza. Chumvi inakula mabomba na nondo, na bei ya mabowza inaingia kwenye ada ya kila mwezi ambayo dalali hakuitaja.

Hesabu ya pesa za mkononi nayo hii hapa. Ukikopa 3,000,000 utaweka 400,000 za awali. Stempu 136,000. Wakili wako karibu asilimia 2, yaani 68,000, na VAT yake 10,880. Stempu ya kusajili rehani ni asilimia 0.1, yaani 3,000. Ada ya benki mara nyingi ni kama asilimia 1, 30,000. Hiyo ni karibu 248,000 juu ya malipo ya awali, na hujamlipa wakili wa benki, mthamini wala bima. Weka 300,000. Kwa hivyo unahitaji kama 700,000, nawe una 430,000. Ukisaini leo utaishiwa katikati, na kwa mikataba mingi anayeshindwa kukamilisha ndani ya siku 90 hupoteza ile asilimia 10 aliyolipa, yaani 340,000.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Jisajili Boma Yangu wiki hii na uanze kuweka akiba huko. Nyumba ya 2,000,000 chini ya mpango huo, kwa asilimia 10, inataka 200,000 za awali na haina stempu, na hizo tayari unazo. Wakati unangoja mgao, maliza mkopo wa sako kama upo, safisha CRB, na upate jibu la maandishi kutoka taasisi mbili au tatu kama unastahili rehani ya KMRC na kwa kiasi gani. Fleti ya Bamburi usiikatae, lakini usiiwekee hata 20,000 za "kushikilia" mpaka sachi itoke na swali la hati ya mama lijibiwe. Na mkeo mhusishe tangu sasa: nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini yake, na mikopo mingi hukwama wiki ya mwisho kwa kukosa sahihi hiyo moja.